Mwaka Bibi Alipocheza Gofu Mbugani

Mwezi wa saba mwaka jana nilirudi Kibaoni kugawana mashamba na ndugu zangu. Niliposhuka kwenye basi, kijana wa bodaboda aliniuliza naelekea wapi, nikamwambia kule chini kwenye majaruba ya zamani ya mpunga, ng'ambo ya shule. "Aa, Shimo la Saba," akasema, akawasha pikipiki. Njiani nilimuuliza kwa nini panaitwa hivyo. Akasema zamani wazee walikuwa wanachimba udongo wa matofali pale. Nikamuuliza mashimo mengine sita yako wapi. Alifikiri kidogo, akasema labda yalifukiwa.

Nilicheka peke yangu nyuma ya mgongo wake, na kwa kuwa upepo ulikuwa mkali hakunisikia. Wewe nitakueleza, kwa sababu waliokuwepo wamebaki wachache na wengi wao siku hizi wanasimulia vibaya. Hakuna tofali lililochimbwa pale. Pale palichezwa gofu. Tena siyo gofu ya kubahatisha, bali mashindano yaliyotazamwa na watu wa vijiji vitatu, na shimo lenyewe lilikuwa na upana wa kopo la mafuta ya kula.

Enzi hizo, miaka ya tisini, mkoa wetu ulikuwa bado Rukwa, na Katavi lilikuwa jina la mbuga ya wanyama tu. Wazazi wangu walikuwa Mpanda mjini, Kashaulili, wanahangaika na duka, na mimi nililelewa Kibaoni na Bibi mzaa mama. Kama ulikulia sehemu za mpunga huna haja ya kuambiwa maisha yalivyokuwa. Mwezi wa nne na wa tano tulishinda shambani kuamia ndege, tunapiga madebe mpaka masikio yanauma. Mwezi wa sita tunavuna. Mwezi wa saba kijiji kizima kinanuka mchele mpya, kila uwanja una kinu, kila kinu kina wasichana wawili wanapokezana mchi, na jioni unakula ubwabwa kwa magege, samaki waliotoka Ziwa Rukwa asubuhi ile ile. Sijawahi kula vizuri kama nilivyokula mwezi wa saba wa utoto wangu, na nimeshakula kwenye hoteli zenye vitambaa vya meza.

Bibi alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti nzito kidogo. Hakujua kusoma. Penye kutia sahihi alitia dole gumba, kisha akalipangusa kwa khanga kama mtu aliyegusa kitu kichafu. Alichokuwa nacho ni habari za mgodini. Alipoolewa, Babu alimpeleka Mpanda kwenye mgodi wa madini ya risasi, enzi za wakoloni, na huko Bibi akapata kibarua. Wazungu wa mgodi walikuwa na uwanja wao wa kupiga kijipira kwa fimbo. Kuzunguka kila shimo hapakuota jani. Palimwagwa mchanga uliochanganywa na oili chafu ya mitambo, ukashindiliwa mpaka ukawa laini kama sakafu, na kazi ya Bibi ilikuwa kuufagia kila wachezaji walipopita ili nyayo zao zifutike. Mchana msimamizi akisinzia, yeye na wanawake wenzake walichukua mpira uliosahaulika, wakashindana kuuingiza shimoni kwa mpini wa ufagio.

Kibaoni hakuna aliyeamini. Watu wazima na akili zao, watembee jua lote wakifuata kijipira, halafu warudi pale pale walipoanzia? Ikafika mahali mtu yeyote akitia chumvi kwenye maneno yake anaambiwa, "Hizo sasa za mgodini." Kilabuni walisema hivyo, kisimani walisema hivyo, hata sisi watoto tulisema hivyo shuleni. Bibi alisikia. Mimi niliyelala naye chumba kimoja nilijua lilimuuma. Kuitwa maskini aliweza kuvumilia. Kuitwa mwongo hakuweza.

Halafu ikaja ile kanda. Padri wetu, mzungu aliyezeekea Tanzania na kusema Kiswahili vizuri kuliko baadhi yetu, alikwenda kwao likizo ndefu ya matibabu. Kabla hajaondoka aliikopesha shule televisheni yake, deki na jenereta, pamoja na kanda mbili. Moja ilikuwa ya maisha ya watakatifu. Ya pili ilikuwa ya mashindano makubwa ya gofu ya wanaume, wale wanaocheza kwa kulipwa, siku ya mwisho, kwenye uwanja ulioko ufukweni kwao. Kanda ya watakatifu ilitafunwa na deki Jumapili ya kwanza. Tukabaki na gofu.

Mwaka ule wote, kila Jumapili baada ya misa, darasa la saba lilizibwa madirisha kwa magunia, jenereta likawashwa, na kijiji kikatazama gofu. Kila familia ilileta kibaba cha mpunga cha kununulia petroli. Wapimbwe walikaa upande wa mlango, Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao walikaa kwenye madawati ya nyuma, na kina mama walikaa chini na vikapu vyao. Tulimjua kila mchezaji. Tulimwita mmoja Sweta Nyekundu na mwingine Mrefu, na kijiji kiligawanyika kati yao kama kinavyogawanyika kwa timu za Dar.

Na jambo lililotushangaza ni kwamba uwanja wenyewe tuliujua. Hakukuwa na miti. Ardhi ilikuwa na mabonde madogo madogo na vijilima vya mchanga, majani yake yamekauka rangi ya mabua, upepo unalaza bendera kwa nguvu. Ukiondoa bahari na masweta, ilikuwa mbuga yetu ya mpunga mwezi wa saba, mpunga umeshavunwa na ng'ombe wameshapita. Mzee mmoja mfugaji, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote pale kwetu, kila Jumapili aliuliza swali lile lile: malisho yote yale, ni nani anazuia mifugo isiingie, na anawezaje?

Siku ya kwanza kabisa kanda ilipoonyeshwa, Bibi alisimama katikati ya kina mama. Alimtazama yule mtu kwenye kioo anayeinama juu ya kijipira, akasema, "Ndio hao. Ndio hao niliowaambia." Darasa zima likageuka kumtazama. Mfugaji alivua kofia yake. Nakuhakikishia sijawahi kuona mtu akirudishiwa heshima haraka kiasi kile, na kwa muda wa saa moja na nusu hivi Bibi alikuwa mkubwa kuliko mwenyekiti wa kijiji.

Tatizo lilikuja mwisho wa kanda, kwa sababu kanda haikuwa na mwisho. Wachezaji wawili wanakaribia shimo la kumi na nane, ubao unaonyeshwa na namba zao, Mrefu amemzidi Sweta Nyekundu kwa tatu, kisha ghafla kioo kikajaa chenga. Hatukuona nani amepewa kombe. Mwalimu Mkuu alikuwa ndiye mkalimani wetu. Alikuwa mtu wa haki, mwenye kaunda suti mbili alizopiga pasi mwenyewe, na Kiingereza chake tulikiheshimu sana. Kasoro yake ilikuwa moja: alitafsiri kila kitu, hata asichokielewa. Akasimama mbele ya kioo chenye chenga, akatangaza kwamba Mrefu ndiye bingwa, kwa kuwa amepiga mara nyingi zaidi.

Wewe unajua, na leo mimi najua, kwamba kwenye gofu mwenye mapigo machache ndiye anayeshinda. Lakini usitucheke haraka. Sisi tulikuwa wakulima, na kwetu mkulima bora ni yule aliyepiga jembe mara nyingi mpaka jua kuzama. Wasukuma walikuwa wafugaji, na kwao mtu ni idadi ya ng'ombe. Mwalimu alikuwa mwalimu, akauliza ni wapi mtu amewahi kuona mtihani ambao mwenye alama chache anatangazwa wa kwanza. Darasa zima likaitikia kwamba hakuna. Kila mmoja kwa njia yake alifika pale pale.

Bibi pekee hakufika. Alisema sivyo. Alisema mgodini mwenye kupiga mara chache ndiye aliyeshangiliwa. "Mzungu akikosa shimo, akalazimika kupiga tena, alikuwa anatupa fimbo chini kwa hasira," alisema. "Mtu gani anakasirika kwa kuongezewa?"

Ukiliangalia leo, hilo swali lilikuwa limemaliza kesi. Mwalimu alitabasamu kwa adabu, akasema labda huyo mzungu alikuwa na uchovu. Watu wakacheka. Kisha Mwalimu, kwa mazoea yake ya darasani, akatuuliza sisi wanafunzi tuliokuwa tumekaa mbele. Mimi nilikuwa darasa la tano, wa kwanza darasani mihula mitatu mfululizo, na mkono wangu ulikuwa na tabia ya kunyooka kabla kichwa hakijafikiri. Nikasimama, nikasema kwa sauti ya kujiamini kabisa, "Mwenye nyingi ndiye wa kwanza, Mwalimu. Bibi yangu hajasoma."

Nilipigiwa makofi. Nyuma mtu akasema, "Za mgodini hizo," na kicheko kikazunguka chumba kizima. Bibi hakunikemea. Alinitazama kidogo tu, akachukua kikapu chake, akaenda nyumbani kupika. Jioni ile alinipa chakula kama siku zote, tena minofu ya kichwa cha samaki niliyoipenda, na ningefurahi kama angenichapa.

Mwaka ule ule mavuno yalikuja na ugomvi. Ng'ombe wa yule mzee mfugaji waliingia kwenye majaruba kabla ya watu wote kumaliza kuvuna. Kikao cha kijiji kilimtaka atoe kitu cha kupoza mioyo, naye akatoa mtamba mmoja mwekundu, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Sasa mtamba mmoja na wenye mashamba zaidi ya ishirini, mnagawanaje? Kama angechinjwa, kila mtu angepata kipande cha kutia kwenye kiganja. Mwalimu akatoa wazo, na kwa hali tuliyokuwa nayo mwaka ule halikuonekana la ajabu hata kidogo. Mtamba ashindaniwe kwa gofu.

Mbuga ilikuwa tayari kuliko ningeweza kukueleza. Ng'ombe walikuwa wameshakata mabua yote. Kingo za majaruba zilikuwa ndio vilima vyetu, nyayo za ng'ombe zilizokaukia kwenye tope ndizo zilizokuwa mitego, na upepo wa Rukwa ulianza saa tano bila kuchelewa. Tulifukia makopo tisa ya mafuta ya kula, tukasimika matete yenye vipande vya khanga. Fimbo zilichongwa na fundi seremala kutoka kwenye mipini ya majembe. Mpira ulikuwa kokwa la mkoche lililosuguliwa kwa tupa mpaka likawa duara, na kila mchezaji alilipaka lake rangi.

Mwalimu alitunga sheria. Atakayekuwa na mapigo mengi atashinda. Kila pigo lazima lisogeze mpira kuelekea shimoni, na mchezo unakwisha jua likizama. Wanaume kumi na mmoja walijiandikisha. Wa kumi na mbili alikuwa Bibi. Wanaume wakalalamika kwamba kwenye kanda hakuna mwanamke hata mmoja. Ni mfugaji aliyemaliza mjadala. Alisema mtamba ametoka zizini kwake, na hakuna anayemfahamu aliyewahi kuona mchezo huu kwa macho isipokuwa huyu. Akamgeukia Bibi, akamwita mama kwa heshima ya Kisukuma. "Mayu, cheza," akasema.

Nimeangalia michezo mingi maishani, lakini sitaona tena kitu kama Jumamosi ile. Wanaume kumi na mmoja, wazee wa heshima wakiwemo, wameinama mbugani wanaugusa mpira kidogo kidogo, tu, tu, tu, kama kuku wanaodonoa chenga za mchele. Pigo moja lilisogeza mpira upana wa kidole. Kila mchezaji alikuwa na mhesabuji wake anayepaza sauti, kwa hiyo mbuga nzima ilikuwa inahesabu kama madarasa kumi na moja ya chekechea kwa wakati mmoja. Saa nne asubuhi hakuna aliyekuwa amefika shimo la kwanza.

Bibi alivua kandambili zake. Alishika fimbo kwa mikono miwili, akatazama bendera, akatazama majani yanavyolala na upepo, akapiga. Mpira ulipaa, ukaanguka, ukabiringika juu ya ukingo wa jaruba. Akaufuata kwa mwendo wake wa kwenda kisimani. Alipofika karibu na kopo alichuchumaa, akapapasa ardhi kwa kiganja kama anavyopapasa unga kuona kama umekauka, akainuka, akausukuma mpira taratibu. Ukaingia. Alimaliza mashimo yote tisa kwa mapigo arobaini na mawili, na wakati wenzake wanapambana kufikia shimo la pili, yeye alikuwa ameketi kwenye ukingo wa jaruba anakula matobolwa ya viazi vitamu na karanga.

Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Walisema ameogopa jua. Walisema anafuata ya mgodini. Bibi alimuuliza Mwalimu alipopita karibu yake, mgongo umepinda na jasho linamdondoka, "Kwenye ile kanda, nyie mmemuona nani anadonoa?" Mwalimu akaudonoa mpira tena. Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nyuma ya Mwalimu, mhesabuji wake, sauti yangu imekauka. Nilimsikia Bibi vizuri. Nikasema, "Mia nane na kumi na tatu."

Jua lilizama wakiwa wamebanana shimo la saba, ndiyo maana hadi leo panaitwa hivyo. Mwalimu alishinda kwa mapigo mengi yasiyo na mfano. Alibebwa juu juu, na wiki nzima iliyofuata alifundisha akiwa ameegemea ubao kwa sababu kiuno kilikataa. Bibi alitangazwa wa mwisho. Mtamba mwekundu akaenda nyumbani kwa Mwalimu, na "za mgodini" zikarudi kisimani zikiwa na nguvu mpya.

Miezi ikapita. Mtamba akapandwa na dume la mfugaji, na ilipokaribia kiangazi kilichofuata akazaa ndama jike. Ndipo Padri akarudi. Alikuwa amekonda, lakini sauti ilikuwa ile ile. Jumapili yake ya kwanza watu walimfuata kutoka kanisani hadi shuleni, na aliyeuliza swali, nampa haki yake, alikuwa Mwalimu mwenyewe. Aliuliza kama ni kweli Mrefu alimshinda Sweta Nyekundu kwa mapigo mengi, akitarajia kuthibitishwa, kwa sauti ya mtu anayejua jibu. Padri alianza kucheka, halafu akaona hakuna mwingine anayecheka. Akatazama nyuso zetu moja baada ya nyingine.

"Chache," akasema. "Mwenye chache ndiye anayeshinda. Sweta Nyekundu alichukua kombe."

Mwalimu alikaa kwenye dawati la wanafunzi, dawati dogo, magoti yake yakagusa kidevu. Kisha akainuka, akaaga, akaenda kwake. Bibi hakuwepo. Alikuwa Ilembo kwa binti wa dada yake aliyejifungua mapacha, na habari alizipata akiwa anashuka kwenye lori jioni ile. Nilidhani ataruka. Alisema tu, "Haya," akaniuliza kama kuku wamefungiwa.

Jumatatu asubuhi rimu la gari likagongwa, tukapanga mistari ya paredi. Mwalimu alikuwa ametuma mtu kumwita Bibi, naye alikuja moja kwa moja kutoka shambani, jembe begani, miguu ina udongo. Wewe uliyesoma enzi zile unajua mwalimu mkuu alikuwa nani. Hakuomba radhi kwa mtu. Akikosea ubaoni, ubao ndio uliokosea. Mwalimu alisimama mbele yetu, watoto wote wa shule, walimu wenzake na wazazi waliojaa kwenye uzio.

"Mwaka jana niliwafundisha uongo," alisema. "Sikukusudia, lakini ulikuwa uongo. Huyu mama alituambia kweli, na mimi nikawaongoza kumcheka. Mimi ndiye niliyekosea." Akamgeukia Bibi, akainamisha kichwa. "Mama, naomba unisamehe."

Kisha akaashiria, na mwanawe akaleta ng'ombe mwekundu kutoka nyuma ya darasa, ndama anamfuata ubavuni. Mwalimu akasema wote wawili ni wa Bibi, tangu mwaka jana walikuwa wake.

Bibi alishusha jembe. Alimzunguka ng'ombe mara moja, akamshika kwato, akamtazama meno kama mtu aliyefuga maisha yake yote, ilhali hakuwahi kumiliki hata mbuzi. Akasema, "Ng'ombe nampokea. Ndama ni wako, umemlea wewe. Akishaacha kunyonya njoo umchukue." Alishika kamba, akapiga hatua mbili, akageuka. "Na mwaka huu tunacheza ya kwangu."

Tukacheza ya kwake. Tuliicheza miaka minne mfululizo, kila mwezi wa saba, na watu wakajifunza kupiga kwa nguvu na kusubiri upepo upumue. Walitoka watu Usevya na Majimoto kuja kutazama. Bibi alishinda mara mbili, mfugaji mara moja, Mwalimu mara moja, na siku Mwalimu aliposhinda Bibi ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Neno "za mgodini" lilibadilika taratibu. Mtu akitaka kusema jambo ni la uhakika, amelithibitisha kabisa, alikuwa anasema ni la mgodini. Wazee wachache wa kule bado wanasema hivyo.

Leo mbuga ile ina mifereji ya zege na mpunga unalimwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo hakuna mwezi ambao ardhi inakauka ikapumzika. Wafugaji walisukumwa mbali, leo unasikia wako huku, kesho unasikia wako kule. Deki iliharibika, na ile kanda ilikopwa na mtu akahama nayo. Padri alizikwa kwao. Mwalimu alistaafu, akarudi Sumbawanga, na nasikia naye ametangulia. Sina kinyongo na mifereji, watu wanashiba. Ila ningependa siku moja tu upepo wa saa tano unikute pale nimeshika mpini wa jembe.

Kuna jambo moja nimelichelewesha, na nimelichelewesha kwa makusudi. Jioni ya ile Jumatatu, Bibi alikamua maziwa yake ya kwanza. Alikamua vibaya, nusu yakamwagika, tukacheka wote wawili. Akayachemsha jikoni kwenye sufuria nyeusi, akaniongezea kuni nichochee. Nilikuwa na maneno mdomoni tangu asubuhi. Nilikuwa nimemwona mtu mzima, tena mwalimu mkuu, akiyasema mbele ya shule nzima, na mimi nilikuwa na Bibi peke yake, na moto, na hakuna shahidi. Nilimtazama nikafungua mdomo. Bibi akaona. Akaacha kukoroga, akanisubiri.

"Una neno?" akaniuliza.

Nikasema, "Hapana, Bibi."

Akasubiri kidogo zaidi. Kisha akanimiminia kikombe kikubwa, changu kabla ya chake, akasema nipulize yasiniunguze.

Aliishi miaka tisa baada ya hapo. Miaka tisa ni mingi. Nilikula naye, nililala naye, nilimwandikia barua kutoka sekondari akasomewa na wengine, nikamletea kitenge kwa mshahara wangu wa kwanza wa kibarua cha likizo, na neno lile halikutoka. Alifariki nikiwa mwaka wa pili chuoni Mwanza, nikafika siku mbili baada ya mazishi. Bibi, wewe ndiye uliyekuwa sahihi. Nilikosea kusema hujasoma, nilikosea mbele za watu, na nilijua nimekosea siku ile ile uliponipa kichwa cha samaki.